Pikapu Inapokwaruza Kwenye Kona: Sikiliza Kabla ya Kununua Vipuri

(Mazungumzo kwa wakazi, madereva na wenye magari ya mizigo, Buruburu, Kaunti Ndogo ya Makadara)



Kabla jua halijachomoza, pikapu za mtaa huu huwa tayari ziko Marikiti zikipakia sukuma wiki, nyanya na viazi. Mchana zinabeba sofa, mitungi ya gesi na matangi ya maji. Jumamosi zinabeba hema na viti, wiki hii kwa harusi na wiki ijayo kwa matanga. Nyingi zina umri mkubwa: Isuzu TF, Nissan Hardbody, Toyota Hilux ambazo zimebadilisha wenyewe mara nne au tano. Nyuma ya kila moja kuna karo ya shule, kodi ya nyumba na mkopo wa chama. Pikapu ikilala gereji siku tatu, kuna watoto wanaoijua siku ya nne.

Ndiyo maana sauti moja huwasumbua sana wenye magari haya: mkwaruzo unaotoka mbele dereva anapokata usukani. Wengine huueleza kama mtu anayesaga mahindi kwa jiwe, wengine husema gari linakoroma. Kwa kawaida husikika kwanza hapa hapa nyumbani, na kuna sababu. Buruburu ilijengwa kwa awamu, kuanzia miaka ya 1970, na nyumba zake zilipangwa kuzunguka viwanja vidogo vinavyoitwa koti. Kugeuza pikapu ndani ya koti, penye magari ya majirani na watoto wanaocheza mpira, dereva hulazimika kukata usukani hadi mwisho, mara nyingi gari likiwa limesimama kabisa. Hakuna kitu kinachotesa sehemu za mbele za gari kuliko hicho. Barabarani redio, honi na injini huficha sauti. Kwenye koti saa kumi na moja alfajiri, hata jirani wa ghorofa ya juu huisikia.

Tatizo ni kwamba sauti moja ina wazazi wengi. Na mwenye gari anayetaka kurudi kazini haraka hukubali jibu la kwanza analopewa.

Mfano wa kawaida ni huu. Mama mwenye pikapu ya kubebea mboga anaambiwa na dereva wake kwamba usukani unakwaruza. Fundi wa kwanza anafungua boneti, anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Mama, hii ni pampu ya pawa. Imeisha." Pampu ya mtumba inatafutwa Kirinyaga Road, ambako wengi bado huita Grogan, inafungwa, pesa zinalipwa. Asubuhi inayofuata sauti iko pale pale. Fundi wa pili, mzee aliyezoea magari ya aina hiyo, hafungui boneti kwanza. Anauliza dereva, "Kijana, ukizima injini na kukata usukani, bado inakwaruza?"

"Ndiyo, mzee. Hata injini ikiwa imezimwa."

Basi haikuwa pampu. Pampu ya usukani huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikizimwa, pampu imelala, haiwezi kupiga kelele. Mzee anainua upande wa kushoto na kukuta boljointi ya chini imepasuka mpira wake wa kuzuia vumbi. Grisi yote imetoka, mahali pake pameingia matope na kutu, chuma kinasaga chuma. Swali moja lisiloulizwa limegharimu pampu nzima, na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kwa siku zote hizo gari liliendelea kutumia Jogoo Road likiwa na mzigo.

Boljointi ndiyo kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka huku likipanda na kushuka kwenye mashimo. Ikikatika, gurudumu hulala upande, pembe ya mbele ya gari hushuka na kugusa lami, na usukani hauna kazi tena. Dereva anabaki ameshika duara tu. Fikiria hilo likitokea alfajiri, wakati watu wanatembea kando ya barabara kwenda Industrial Area. Kwa hiyo sauti ya kusaga inayoambatana na usukani mzito, au gari linalovuta upande mmoja, au kugonga kwa "ko, ko" kwenye matuta, haingojei mwisho wa mwezi. Gari hilo lisimamishwe mpaka lichunguzwe.

Kutofautisha chanzo kimoja na kingine hakuhitaji mashine. Kunahitaji maswali, na dereva ndiye mwenye majibu, kwa sababu ndiye anayekaa na gari siku nzima. Sauti iko gari likiwa limesimama, au likitembea tu? Injini ikiwa imezimwa je? Iko pande zote mbili au upande mmoja? Inaongezeka na mwendo? Ilianza lini, na kabla yake kulifanyika nini: tairi mpya, safari ya mbali, ajali ndogo, kuingia kwenye shimo?

Kama sauti iko injini ikiwa inanguruma tu, na inazidi usukani unapofika mwisho, hapo ndipo pampu na oili yake hushukiwa. Mara nyingi oili imepungua na pampu inavuta hewa. Dereva afungue kopo la oili ya usukani na kuangalia alama za juu na chini. Oili yenye povu ina hewa ndani yake. Iliyo nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka. Ikiwa imepungua, imeenda mahali fulani, kwa hiyo kujaza bila kutafuta inakovuja ni kuahirisha kazi. Aina ya oili huandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Pikapu nyingi za Kijapani hutumia ile nyekundu ya ATF. Oili ya breki isitiwe humo kamwe, hata kwa dharura. Mipira ya ndani ya mfumo wa usukani haikutengenezwa kwa oili hiyo; huvimba na kuharibika, na tatizo la kopo moja la oili hugeuka kuwa la pampu na reki pamoja. Na hata pampu nzima huguna ikishikiliwa mwisho wa kona. Usukani ukifika mwisho, uachiliwe kidogo. Usibanwe pale zaidi ya sekunde chache.

Kama sauti inasikika gari likitembea kwa kasi, ikivuma na kusaga, na inabadilika gari linapoyumba kutoka safu moja hadi nyingine pale Outering Road, mshukiwa ni beringi ya gurudumu. Gari likikata kona ya kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Sauti ikizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo inayolia. Ikizidi kwenye kona ya kushoto, tazama ya kulia. Jambo hili ni rahisi, lakini limeokoa mafundi wengi kufungua gurudumu lisilo na kosa.

Kuna vyanzo vingine ambavyo vinaaibisha kwa udogo wao. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kuzuia maji na changarawe. Likipindwa na fundi wa tairi, au likibana kijiwe, hupiga kelele ya kutisha ambayo huisha kwa kulinyoosha kwa mkono. Pedi za breki zilizokwisha pia husaga, ingawa hizo hulalamika zaidi dereva anapokanyaga breki. Tairi kubwa kuliko kipimo cha kiwanda, ambazo vijana hupenda kwa urembo, hugusa plastiki ya ndani ya madigadi au chesi usukani unapokatwa hadi mwisho. Mahali palipoguswa hung'aa kama paliposuguliwa kwa msasa. Na kama mkwaruzo unatoka ndani ya kebini, karibu na magoti ya dereva, huenda ni kifuniko cha plastiki cha nguzo ya usukani kinachosugua, au kiungo cha nguzo hiyo kilichokauka grisi.

Kisha kuna lile la wenye pikapu za magurudumu manne. Dereva ametoka mashambani mvua ikinyesha, akaingiza fo-wili kupita matope, akafika Nairobi lami ikiwa kavu na kusahau kuitoa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Pikapu nyingi hazina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo, kwa hiyo ekseli zote mbili hulazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye matope tairi huteleza na hakuna linaloumia. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza. Gari hujibana, huruka ruka, hukwaruza, na usukani huwa mzito kana kwamba umeshikwa. Kuna gari limeshawahi kufunguliwa gia kwa sababu ya kosa la mkono mmoja wa gia. Kabla ya kumwita fundi, dereva aangalie mkono huo.

Gari likihitaji kuinuliwa, liwe kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa, na uzito umekaa kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kumlalia mtu chini yake, na mawe yaliyopangwa ni mabaya zaidi. Hapo fundi hushika tairi juu na chini na kuitikisa: ikicheza, ni beringi au boljointi. Akishika kushoto na kulia ikacheza, ni tairodi au kitu kingine kwenye njia ya usukani. Msaidizi mmoja akikata usukani taratibu, mwingine anaweza kuweka kiganja juu ya kiungo na kuhisi mtetemo wa kusaga, ila vidole vikae mbali na mahali chuma kinapokutana na chuma.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba pikapu ni gari la biashara. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na wakazi wengi wa Eastlands hupeleka yao Likoni Road. Wengine hutengeneza gari wiki ya ukaguzi tu. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hudai gari liwe salama kila siku linapokuwa barabarani, na mpira wa boljointi haupasuki kwa kufuata kalenda. Baada ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, mashimo yakiwa yamejaa maji na matope, ndio wakati mzuri wa kuchungulia chini ya gari kwa tochi. Mpira uliopasuka huonekana kwa macho. Kipuri chake cha mapema ni nafuu kuliko kuvutwa na breki-dauni kutoka katikati ya barabara.

Oili chafu inayotolewa isimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya mtaa hupeleka maji mitoni. Mto Ngong huingia Mto Nairobi, nao hufika Athi, na watu wa huko chini hunywesha mifugo na kumwagilia mboga zile zile ambazo pikapu zetu huleta sokoni. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupewa gereji inayokusanya oili kuukuu.

Mwenye gari akienda kwa fundi, aende na dereva wake, na dereva aseme alichosikia, si anachodhani kimeharibika. Fundi mzuri hafadhaiki kuulizwa alivyojua. Kipuri cha zamani kidaiwe, kitazamwe, mwenyewe aone palipolika. Boljointi au tairodi ikibadilishwa, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo tairi za mbele zitaliwa upande mmoja. Na kabla ya gurudumu kurudishwa, mwenyewe ainame aangalie nati ya kiungo kipya: iwe imefungwa kwa pini yake mpya, iliyokunjwa pande zote mbili. Kipande cha waya au msumari uliopindwa si pini, hata fundi akisema ndivyo wanavyofanya wote.