Mto Nairobi na Mfuko Wetu wa Msaada

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kariokor



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya mto. Huenda wengine wakashangaa, maana chama chetu ni cha kuzikana na kusaidiana, wala si idara ya maji. Lakini tangu mafuriko ya 2024 ni dhahiri ya kwamba mto umekuwa jambo la maziko. Basi umekwisha kuingia katika kazi yetu, tupende tusipende.

Mto Nairobi waanzia katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu. Wapita karibu na Globe, kisha kando yetu hapa, ukaelekea Gikomba na Dandora, hata ukaungana na Mto Athi, ambao hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Zamani mvua ya huko juu ilinywewa na udongo mwekundu na mizizi ya miti. Leo yaangukia mabati, lami na saruji, na maji yakakimbilia mtoni kwa muda mfupi sana. Ndiyo sababu mtu aweza kulala Gikomba pasipo tone juu ya paa lake, akaamshwa na maji mlangoni. Tena sisi wa mashariki twakalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishalowa haunywi tena. Wala hatukuuchagua: wakoloni walijitwalia vilima vya magharibi, Mwafrika akaachiwa tambarare ya chini. Jina la Kariokor lenyewe latoka katika Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na wapagazi hawakuulizwa wapi wangependa kupiga kambi.

Wazee wanakumbuka mvua kubwa ya mwisho wa 1961, na sote twaikumbuka ya El Niño ya 1997. Masika ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Serikali iliamuru waishio karibu na mito ya Nairobi wahame, ikitaja mita 30 toka ukingoni, nao wakapewa muda wa saa, si wa majuma. Tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru hali mvua ingali ikinyesha. Tarehe 6 Mei Rais alitangaza huko Mathare shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyohamishwa.

Sisi hatupingi mita 30. Mto una nafasi yake, nao hurudi kuidai. Tunalopinga ni kumwondoa mtu kabla hajaonyeshwa pa kwenda. Wenzetu wa Kariakoo ya Dar es Salaam, ambao jina lao na letu ni moja, wana bonde la Msimbazi lililowatesa vivyo hivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 hawajayasahau. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na wenye nyumba walianza kulipwa fidia kabla ya kubomolewa. Wako walionung'unika kwamba malipo ni haba, na huenda walikuwa na haki. Lakini utaratibu wao twauona bora.

Sasa tuje nyumbani. Tumewauliza wanachama wetu waishio ukingoni kwa nini hawakuhama walipoonywa. Hakuna aliyesema hakusikia. Mmoja alisema kodi ya mwezi ilikwisha kulipwa. Mwingine, kwamba akitoka leo atakuta chumba kina mtu kesho. Mama mmoja alikuwa na marobota ya mitumba, na mwenye mkokoteni alitaka fedha ambazo hakuwa nazo. Kumbe onyo peke yake halimhamishi maskini. Na kanuni za mfuko wetu, kama zilivyoandikwa, humngoja mtu afe ndipo zifungue sanduku! Twalipa jeneza kwa furaha, mkokoteni tumeukataa.

Kwa hiyo halmashauri inaomba kanuni irekebishwe: mwanachama aishiye karibu na mto aweze kupewa nauli, gharama ya kuhamisha vyombo, na kodi ya mwezi mmoja mahali pengine, mara Idara ya Hali ya Hewa itangazapo mvua kubwa. Katibu aandike majina yao kabla ya Machi, pamoja na wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, na vijana wawili kwa kila mmoja wa kumbeba. Mitaro iliyo mbele ya milango yetu izibuliwe Februari, isingojewe kaunti. Mweka hazina anahofu kwamba mfuko utapungukiwa, na hofu yake si ya bure. Atawasomea hesabu zake baada yetu, kisha mtapiga kura.