Kompyuta ya Kaunta Inapochelewa Kuwaka



Mwananchi anapofika asubuhi kulipia leseni ya biashara na kuambiwa angoje mashine iwake, mara nyingi mashine imeshawaka kitambo. Kinachongojwa ni foleni ya programu zinazojifungua zenyewe mhudumu akishaingiza neno la siri: ya mikutano ya video, ya printa, na nyingine zilizokuja na kompyuta kutoka dukani. Ndivyo ilivyo pia kwenye saibakafe, sacco na shule.

Kuiona foleni hiyo si kazi. Kwenye Windows 10 au 11, mhudumu abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue sehemu iitwayo Startup. Azime programu moja, awashe kompyuta upya, atazame tofauti. Anayezima kumi kwa mpigo hatajua ni ipi iliyokuwa ikichelewesha, wala ni ipi iliyomkosesha printa. Kuzima hapa si kufuta. Programu ingali ndani, na ikihitajika inafunguliwa kwa mkono.

Ugumu huanza pale iliyozimwa jana inaporudi leo. Wengi husema ni virusi, na pengine ni kweli. Lakini katika ofisi yenye seva, chanzo cha kawaida ni maagizo ya seva yenyewe. Kompyuta huyasoma inapowaka na mtumiaji anapoingia, kisha huyapitia tena kila baada ya dakika 90 au zaidi kidogo, isipokuwa msimamizi amepanga vingine. Mhudumu anazima, seva inarudisha. Mvutano huo hauna mshindi kwenye kaunta. Anayeweza kuumaliza ni msimamizi wa mtandao.

Kuna na kinyume chake: programu inayopaswa kufunguka haifunguki, ila dakika mbili baadaye ikibonyezwa inakubali. Huenda faili zake ziko kwenye seva, na iliitwa kabla mtandao haujashika. Msimamizi anaweza kuiagiza kompyuta ingoje mtandao kwanza.

Antivirasi isiguswe, hata ikionekana nzito. Mei 2017, WannaCry ilipita yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mitandao ya ofisi, ikafunga faili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kwenye mtandao mmoja, mlango ulioachwa wazi na mtu mmoja ni wa ofisi nzima.

Kabla ya kumwita fundi, mhudumu amwombe mwenzake aingie kwenye mashine hiyo kwa jina lake. Tatizo likitoweka, liko kwenye akaunti ya yule wa kwanza. Likibaki, liko kwenye mashine. Likiwa kwenye mashine zote za ofisi, fundi aanzie kwenye seva.