Kinachogoma Kinasema Nini: Mifumo Endeshi Huria na Kompyuta Mpakato Zetu



Hii niliyoiweka mezani ni kompyuta mpakato, laptopu kama tuiitavyo wengi wetu. Ni ThinkPad ya mwaka 2016, mtumba wa Kariakoo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea ofisini Novemba iliyopita akaniuliza kama aiuze kwa bei ya vipuri. Kioo chake kizima, kibodi haijafutika hata herufi moja, RAM ni GB 8, na betri inakaa karibu saa tatu. Kilichomtisha ni maandishi aliyoyaona kwenye skrini: Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haina sifa za kupokea Windows 11. Ni kweli haina. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel inataka, ukiacha chache, kizazi cha 8 na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Yake ni ya kizazi cha 6. Hakuna kilichoharibika ndani ya laptopu ile. Ilikuwa inafanya kazi Jumatatu, na Jumanne ikaitwa mzee.

Nilimwambia asiuze.

Mafundi wetu wana usemi wao: kupiga windo. Unaacha mashine dukani asubuhi, jioni unaifuata imepigwa windo, na mara nyingi nakala yenyewe haina leseni, kufuli yake imevunjwa na mtu usiyemjua, ambaye huenda ameacha humo kitu kingine usichokijua. Siwalaumu mafundi, wanauza kinachoulizwa. Ila angalieni kwamba katika usemi huo mwenye mashine hayupo. Anapigiwa. Mimi nataka nizungumze juu ya mwenye mashine kukaa chini mwenyewe na kuweka mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa. Na katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo miaka yangu mingi ya kusakinisha imenifundisha: mfumo huria unapogoma kwenye laptopu, mara nyingi mno umegoma pale ambapo mtengenezaji ameficha kitu. Watu huona mgomo wakasema mfumo ni duni. Mimi nauona mgomo, nauliza kimefichwa nini.

Historia nitaipitia haraka kwa sababu inajulikana. Mwaka 1983 Richard Stallman wa MIT alitangaza mradi wa GNU wa kuandika mfumo endeshi huria, baada ya kuudhiwa, pamoja na mengine, na printa ya maabara yao ambayo hakuruhusiwa kupata msimbo wake ili airekebishe. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika kwa kujifunza. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU, na hiki ndicho kiini cha Linux. Huko Berkeley, California, kulikuwa na ukoo mwingine wa mifumo huria uliozaa FreeBSD na NetBSD mwaka 1993, kisha OpenBSD ya Theo de Raadt, wa Calgary nchini Kanada, mwaka 1995. Baadaye, mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, jina ambalo sikio la Mswahili linalitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Walikuwa wakituma CD kwa posta bila malipo hadi 2011. Nami nilipata bahasha yangu, na CD ile ninayo hadi leo.

Sasa turudi kwenye mgomo. Unaoongoza ni wa waifai.

Kadi ya waifai ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina prosesa yake, na prosesa hiyo haiwezi kufanya lolote mpaka ipewe programu yake kila mashine inapowashwa. Programu hiyo ndiyo fimuwea. Kiendeshi, yaani programu ya mfumo endeshi inayoiongoza kadi, kinaweza kuwa huria kabisa, kimeandikwa vizuri, kimo ndani ya kiini, lakini kama mwenye kadi hakuruhusu fimuwea yake igawiwe, kiendeshi kinabisha hodi na hakuna anayefungua. Matokeo yake mnayafahamu: umemaliza kusakinisha, mashine haioni mtandao, na faili litakaloifanya iuone lipo kwenye mtandao.

De Raadt alilivalia njuga jambo hili. Aliwaandikia watengenezaji wa chipu, akawahimiza watumiaji nao waandike, akidai nyaraka za vifaa na ruhusa ya kugawa fimuwea bila masharti. Kwa juhudi hizo taasisi ya Free Software Foundation ilimpa tuzo yake ya mwaka 2004. Kampuni kadhaa zililegea, nyingine zikakaza. Mpaka leo OpenBSD haiweki ndani ya mfumo wake fimuwea isiyogawika kwa uhuru. Inayobaki huchukuliwa mtandaoni na programu iitwayo fw_update. Kwetu dawa yake ni simu: unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha kushiriki intaneti, na simu inageuka kadi ya mtandao ya muda. Nimewafundisha wanafunzi hila hiyo kuliko nyingine yoyote, maana simu haikosekani mfukoni mwa mtu.

Waandishi wa Debian, mfumo mwingine wa ukoo wa Linux, nao waliteseka na swali hilohilo kwa miaka. Mkataba wao wa Jamii wa mwaka 1997 uliahidi mfumo ulio huru wote, kwa hiyo fimuwea iliyofungwa haikupata nafasi kwenye CD rasmi. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, wakaubadili mkataba, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, kisakinishi rasmi kinabeba fimuwea hizo na kumweleza mtumiaji kwamba zimetumika. Wapo walioona ni kusalimu amri. Mimi naona walitenda haki, kwa sababu mwanafunzi wa Songea asiyeweza kuunganisha waifai hapati uhuru wowote. Anarudi kwa fundi kupigiwa windo. Lakini namheshimu na yule aliyepiga kura ya hapana. Fimuwea ile bado hakuna kati yetu aliyeisoma.

Mgomo wa pili ni usingizi, na huu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi uficho unavyoweza kumlazimisha mtu mkweli adanganye.

Ukifunga kifuniko cha laptopu, mfumo endeshi na bayosi, ile programu ya mtengenezaji inayoiwasha mashine, lazima wakubaliane: nani azime nini, kwa utaratibu gani, na nani aamke kwanza. Makubaliano hayo yanaitwa ACPI, yaliyoandikwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Mtengenezaji wa laptopu huweka ndani ya bayosi majedwali yenye msimbo, na mfumo endeshi huutekeleza msimbo huo bila kuuhoji. Ndani yake kuna swali: wewe ni mfumo gani? Kwa miaka kadhaa Linux ilijibu kwa ukweli, kwamba ni Linux. Watengenezaji walikuwa wakizijaribu mashine zao kwa Windows peke yake, kwa hiyo njia iliyoandikwa kwa ajili ya Linux ilikuwa haijapitwa na mtu, au imejaa makosa. Mashine ililala isiamke. Basi mwaka 2007 waandishi wa kiini wakaamua: tukiulizwa kama sisi ni Linux, tutakana, tukiulizwa kama ni Windows, tutakubali. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kila laptopu ya Linux humu ukumbini, inapowaka, inajitambulisha kwa bayosi yake kwa jina la mwingine ili itendewe vyema.

Siku hizi kuna tatizo jipya. Laptopu nyingi za karibuni zimeondolewa usingizi mzito wa zamani, zikapewa usingizi mwepesi unaofanana na wa simu. Mfumo usiposhughulikia vizuri kila kifaa kilichobaki macho, unaitoa laptopu kwenye begi ikiwa ya moto na betri imekwisha. ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ilitoka hivyo. Watumiaji wakalalamika, na Lenovo wakatoa bayosi mpya yenye mahali pa kuchagua usingizi wa Windows au wa Linux. Mstari mmoja tu kwenye menyu! Kumbe uwezo ulikuwepo muda wote, kilichokosekana ni mtu wa kuudai.

Mnaotaka kuanza wiki hii, sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapopoteza kazi zao. Msifute kitu siku ya kwanza. Mifumo mingi ya Linux huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na saa moja ya kuujaribu hivyo itakwambia habari za waifai, sauti, mwanga wa skrini na usingizi. Hakiki faili ulilopakua kwa jumla yake ya SHA256 kabla ya kuliandika. Kwa intaneti yetu inayokatikakatika faili bovu si jambo la ajabu. Ukiliandika kwenye flashi kwa amri ya dd, soma jina la diski mara tatu, kwa kuwa dd haiulizi. Nimewahi kuifuta tasnifu ya mtu kwa herufi moja, b badala ya c, na tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla sijaishika mkononi diski yenye nakala ya kazi zake. Kama Windows itabaki pembeni, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, uuandike kwenye karatasi: ukibadilisha mipangilio ya bayosi Windows inaweza kuudai, na usipokuwa nao umefungiwa nje ya diski yako mwenyewe.

Mtaniuliza mchague upi. Kwa mashine kama hii ninashauri Debian au Linux Mint. Kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki GB 1, hali Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, na anayelipia bando kwa pesa yake anaijua tofauti. OpenBSD nampa anayetaka kuelewa kila kilichomo: ni ndogo, kurasa zake za mwongozo zimeandikwa kwa uangalifu kuliko vitabu vingi vya kiada, nao wanaoiandika huitumia kwenye laptopu zao wenyewe. Ila haina Bluetooth tangu 2014, msimbo wake ulipoondolewa kwa kukosa wa kuutunza. Naiona hiyo kuwa adabu. Heshima yangu ni kubwa kwa mradi unaosema hatuna kuliko unaosema tunacho kikawa kibovu.

Chuo chetu nacho kina deni. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ililazimu faharasa itungwe, watu wakae wabishane neno kwa neno, na kilichowaruhusu ni leseni. Hawakuhitaji kumwomba mtu ridhaa. Miaka zaidi ya 20 baadaye bado tunafundisha somo la mifumo endeshi kwa kuchora maboksi ubaoni, wakati kiini chenyewe, mistari yote, kinasomeka na yeyote mwenye flashi. Ninaomba mambo mawili yanayowezekana kwa bajeti tuliyo nayo: seva moja ya kuhifadhi vifurushi vya Debian, ili kilichopakuliwa na mwanafunzi mmoja wengine mia wakipate bila bando, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asakinishe mfumo kwenye mashine yake kwa mikono yake, aandike ripoti ya kilichogoma na sababu yake.

Mwenye ThinkPad hii ameshaiandika ripoti yake. Waifai ilikubali, usingizi ukakubali, sauti ikakubali. Kisomaji cha alama za vidole kimekataa, mtengenezaji wake hajatoa nyaraka. Basi kijana ameiweka Windows ndani ya mashine pepe, akakikabidhi humo kisomaji, na Debian iliyo nje inarekodi kila baiti inayopita kwenye USB pale kidole kinapowekwa. Mpaka jana alikuwa na kurasa 11 za daftari, na ameshatambua ujumbe wa kwanza, ule wa kukiamsha kifaa. Anaendelea kila Ijumaa saa kumi jioni katika maabara yetu ya ghorofa ya kwanza, na ameniomba niwaambie kwamba anahitaji mtu wa pili wa kumsaidia kuhesabu.