Nani Mtumishi wa Umma Mbele ya Sheria ya Jinai?

(Mazungumzo kwa watumishi na walimu wa Wilaya za Ngara na Biharamulo)



Wapo watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, wadhanio kwamba mtumishi wa umma ni yule tu mwenye barua ya ajira, mshahara wa kila mwezi na tumaini la pensheni. Dhana hiyo ina hatari yake. Aliyeshika mhuri wa ofisi husema kwamba anakaimu tu. Mwenyekiti wa kijiji husema kwamba halipwi mshahara. Mgambo wa kizuizini husema kwamba ameitwa kusaidia. Na mwananchi aliyedhulumiwa hurudi nyumbani akiamini kwamba hakuna wa kushitakiwa.

Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, haikubali visingizio hivyo. Swali lake la kwanza si mshahara, bali ni cheo na kazi. Humhesabu kuwa mtumishi wa umma mtu aliyeteuliwa na Rais, Waziri au tume, na pia aliyeteuliwa na hao walioteuliwa. Humhesabu anayeshika cheo kwa kuchaguliwa kwa mujibu wa sheria. Humhesabu askari, mwajiriwa wa idara ya Serikali na wa serikali za mitaa, na mtu anayepeleka hati za mahakama. Tena yasema wazi kwamba anayefanya kazi za cheo hicho kwa niaba ya mwingine yumo vilevile. Kwa hiyo kukaimu si kinga.

Liko jambo ambalo huwashangaza wengi. Padri wa Rulenge, mchungaji wa Murgwanza au shehe wa Biharamulo mjini, anapofungisha ndoa au kutunza daftari la ndoa, vizazi au vifo, huhesabiwa na sheria hiyo kuwa mtumishi wa umma kwa kazi hiyo. Mahubiri yake si kazi ya Serikali; daftari lile ni amana ya watu wote.

Diwani naye ni mfano mzuri. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, inayohusu ajira na nidhamu, haimweki katika kundi la watumishi. Lakini mbele ya sheria ya jinai yumo, kwa kuwa cheo chake kimetokana na uchaguzi wa kisheria. Mtu mmoja aweza kuwa nje ya sheria moja na ndani ya nyingine. Na itofautishwe hivi: mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa chini ya sheria za serikali za mitaa, mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama chake, na cheo hicho peke yake hakimfanyi mtumishi wa umma.

Katika wilaya hizi mbili suala hili si la vitabuni. Ngara inapakana na Rwanda kule Rusumo na Burundi kule Kabanga. Malori hupita usiku na mchana, na mwenye uwezo wa kusimamisha lori ana uwezo wa kudai fedha. Mgambo walipewa mamlaka ya kukamata kwa sheria ya mwaka 1975, na sungusungu wakafuatia kwa sheria ya mwaka 1989. Atumiaye mamlaka ya sheria hawezi kugeuka raia wa kawaida pale tu anapotakiwa kujibu.

Hospitali ya Murgwanza na ile ya Biharamulo, zote mali ya makanisa, zimefanya kazi ya hospitali teule za wilaya kwa miaka mingi. Humo muuguzi aliyepelekwa na Serikali hufanya kazi bega kwa bega na mwajiriwa wa kanisa. Wa kwanza hubaki mtumishi wa Serikali. Wa pili asijidanganye: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humshika kila wakala anayeomba au kupokea rushwa katika shughuli za mwajiri wake, awe wa umma au wa binafsi.

Tofauti hizi zina uzito mahakamani. Wizi wa mtumishi wa umma ni kosa la peke yake, kifungu cha 270, na Sheria ya Adhabu za Chini Kabisa ya mwaka 1972 iliuweka miongoni mwa makosa ambayo hakimu hana hiari kamili ya kuyapunguzia kifungo. Kifungu cha 96 huadhibu matumizi mabaya ya madaraka. Mwalimu mkuu ashikaye fedha za shule ayajue haya kabla ya kutia saini, wala si baada ya kuitwa polisi.

Msemo wa kwamba cheo ni dhamana umezoeleka hata ukachakaa. Sheria ya jinai huufanya kuwa deni. Yafaa basi kila ofisi ya kata na kila shule iwaeleze wananchi jambo moja: aliyeshika mhuri, daftari au ufunguo wa ghala kwa niaba yao aweza kuulizwa, hata kama halipwi senti moja.