Imani Katika Mizani na Daftari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mtwara)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo makarani wengi huliuliza kwa sauti ya chini: dini ina kazi gani ndani ya ofisi ya Serikali? Wako wasemao dini ikae kanisani na msikitini, na ofisi iachiwe sheria. Wako na wengine watakao ofisi zijae watu wa dini yao. Mimi ni Mkristo, nami naona ya kwamba pande zote mbili zimekosa. Dini inayo kazi ofisini, na kazi hiyo ni kumfanya mtu aandike kweli hata pasipo mtu wa kumwona.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Bwana Martin Kayamba, aliyesomeshwa na mapadre wa U.M.C.A. Walakini chama chake hakikuwa cha Wakristo peke yao. Waislamu na Wakristo waliketi meza moja, maana mshahara na haki ya mtumishi havina dini. Sisi wa pwani hii tunayo sababu kubwa zaidi ya kuufuata mfano huo. Toka Mikindani hata Msimbati na mdomo wa Ruvuma, watu walio wengi ni Waislamu. Ukipanda bara kwenda Masasi na Ndanda, wakuta makanisa ya tangu zamani. Mkulima aletaye korosho ghalani hamwulizi karani asali wapi. Aitazama mizani.

Basi nasi na tuitazame mizani hiyo. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi. Hupimwa, naye huandikiwa stakabadhi. Mzigo huenda ghala kuu, ukauzwa mnadani. Makato yakiisha kutolewa, ndipo mkulima hulipwa. Katika safari hiyo yote mkulima hana kitu mkononi ila karatasi. Karani akipunguza kilo mbili katika kila gunia, hapana atakayepiga kelele siku ile. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha mwizi hujazwa vivyo hivyo. Kitabu cha Mithali chakemea mizani ya uongo, na katika Kurani iko sura ya 83 iliyopewa jina la hao wapunjao. Hapo Mkristo na Mwislamu hawana la kubishania.

Mwaka 2018 tuliyaona madhara yake. Wakulima walizikataa bei za mnadani, na mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akatangaza ya kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kabla ya malipo wakulima walihakikiwa, ili wenye mashamba wabaguliwe na watu wa kangomba, yaani wale wanunuao korosho za wenye shida kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa. Wengi walingoja kwa miezi. Serikali ililaumiwa, na lawama ile ilikuwa na haki, kwa kuwa aliyeahidi bei hana budi kulipa kwa wakati wake. Lakini na sisi washika kalamu tujiulize: kwa nini majina yale yalihitaji kuhakikiwa? Daftari likiisha kuingiwa na majina ya uongo, mwenye jina la kweli ndiye angojaye, na watoto wake ndio walalao na njaa.

Sisemi ya kwamba uongo ni wa makarani tu. Bandari yetu hii ni ukumbusho wa jambo jingine. Mwaka 1946 wajumbe walioongozwa na Bwana John Wakefield walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma kama tisa, wakashauri karanga zilimwe katika eka zaidi ya milioni tatu. Nachingwea pakawa mahali pamoja palipochaguliwa, na bandari ya Mtwara pamoja na reli vikajengwa kwa kuyatazamia mavuno. Mavuno hayakuja. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa, ikafuta deni la pauni milioni 36 hivi. Na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Jambo lile halikuhitaji mwizi. Hesabu iliandikwa kwa haraka, kisha ikatetewa kwa ajili ya siasa hata ardhi yenyewe ilipokwisha kuikanusha. Kuitetea hesabu ambayo umeisha kujua si kweli, huo nao ni uongo.

Kadhalika gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Wenyeji walipopata habari ya kwamba itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, waliandamana Desemba 2012, na katika ghasia za mwaka 2013 watu walikufa na majengo yaliteketezwa. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Sikubali hata kidogo kuchoma mali ya watu. Lakini wengi walilalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha watapata nini, na penye giza uvumi huwa ndio taa. Mtawala amwambiaye mwananchi habari kamili mapema, hata ikiwa chungu, amejiokoa na maneno mengi ya baadaye.

Je, Kanisa lifanye nini? Tunao mifano ya karibu. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye uaskofu wake ulifika hata nchi hii kabla Masasi haijapewa askofu wake mwaka 1926, aliandika mwaka 1920 kuishutumu Serikali ya taifa lake mwenyewe kwa kazi ya kulazimishwa katika Kenya. Trevor Huddleston, aliyewekwa kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960, alikuwa amekwisha kupigana na ubaguzi wa Afrika ya Kusini kwa kalamu na kwa mimbari. Hawa hawakutafuta vyeo vya siasa. Waliona haiwezekani mtu kuhubiri upendo Jumapili na kuunyamazia udhalimu Jumatatu.

Siku hizi jaribu la Kanisa limebadili nguo: wanasiasa huja na bahasha. Tuwatazame jirani zetu. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikemea Serikali yao kwa uongo. Siku chache baadaye Philip Anyolo, Askofu Mkuu wa Nairobi, akaamuru zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia moja. Naomba makanisa yetu yatie moyoni jambo hili. Sadaka isiyoulizwa ilikotoka humfunga mchungaji ulimi. Naye mchungaji aliyefungwa ulimi hawezi kumwonya karani juu ya mrungura.

Mwana wa nchi hii, Bwana Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, aliingia Ikulu mwaka 1995 kwa neno la ukweli na uwazi. Alitangaza mali zake hadharani, na mwaka 1996 tume ya Jaji Joseph Warioba ikaeleza jinsi rushwa ilivyoenea. Hilo lilikuwa jema. Baadaye, alipokwisha kustaafu, watu waliuliza maswali juu ya biashara alipokuwa madarakani. Mimi si hakimu wa marehemu. Nasema tu ya kuwa sheria ya maadili ya mwaka 1995 humtaka kiongozi aeleze mali zake aingiapo, kila mwaka, na atokapo. Na hekima yake ni kwamba uaminifu wa siku ya kwanza hautoshi kwa siku ya mwisho.

Ndugu wanachama, nawaomba mambo matatu. La kwanza, kila apimaye kitu cha mtu amwite mwenyewe asimame aone namba kabla haijaandikwa. La pili, mkubwa akikuagiza uandike usilolijua kuwa kweli, mwombe kwa adabu akupe agizo hilo kwa maandishi na sahihi yake. Mara nyingi agizo litakufa hapo hapo. La tatu, mwenzetu akiadhibiwa kwa sababu ya kusema kweli, chama kisimwache peke yake. Maana ni rahisi kumsifu mwaminifu, na kazi ngumu ni kumlisha mwezi ule aliozuiliwa mshahara. Chama kisichoweza hilo kisimwambie karani kijana awe shujaa.