Sataranji, Bao na Njia ya Nyota



Kwa miaka mingi sisi tumecheza sataranji katika baraza ya hekalu hili, na ng'ambo ya barabara majirani zetu wamecheza bao. Tulisalimiana, lakini hatukuketi pamoja. Hilo tunalikiri.

Hata hivyo, jina lenyewe la mchezo wetu ni ushahidi wa ujirani wa kale. Chaturanga ya Bara Hindi, yaani jeshi la vikosi vinne, iliingia Uajemi, ikawa shatranj kwa Waarabu na sataranji kwa Waswahili. Ubao wake una miraba 64 na kete 32. Bao lina mashimo 32 na kete 64.

Al-Biruni, mwanafalaki aliyeandika habari za Bara Hindi katika karne ya 11, aliikokotoa hesabu hii mashuhuri: punje 1 katika mraba wa kwanza, 2 katika wa pili, 4 katika wa tatu, vivyo hivyo hadi wa 64. Jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Zikipangwa mstari mmoja, kila punje ikiwa na urefu wa milimita 5, zitaifikia nyota iliyo jirani zaidi na Jua, kisha zirudi.

Safari hiyo yote huanza na punje moja. Nasi leo twaanza na mkeka mmoja: baada ya sala, bao na sataranji vitaandaliwa hapa barazani. Karibuni, watoto wetu wahesabu pamoja.