Mwili wa mhadhiri si mada ya darasa

Mhadhiri husimama mbele ya mamia ya wanafunzi, na kabla hajafungua mdomo, umbo lake limeshajadiliwa. Akinenepa, huambiwa mshahara umemkubali. Akikonda, watu huulizana anaumwa nini. Mwisho wa muhula, fomu ya tathmini iliyokusudiwa kupima ufundishaji huweza kubeba kejeli kuhusu mwili wake, naye huzisoma peke yake. Hili ni suala la afya pia: Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inahesabu ustawi wa akili kuwa sehemu ya afya. Vyuo vingi vina washauri nasaha, ila huduma hiyo huwalenga zaidi wanafunzi. Walimu nao wahudumiwe, na kejeli zichujwe kabla hazijamfikia mhusika.